Raigrasi, oti, marejea au ngwara: mbolea ya kijani ipi kwa bustani ya mboga?

Kabichi zimevunwa, tuta limebaki tupu, na mvua bado inanyesha kidogo kidogo. Ukiliacha hivyo, wiki tatu haziishi kabla ndago na sangari hazijalikalia, na mbolea iliyobaki kwenye udongo itakuwa imesombwa na maji kwenda chini kusikofikiwa na mizizi ya mboga. Ndiyo maana watu hupanda mbolea ya kijani: zao linalooteshwa ili lifyekwe likiwa bichi na kurudishwa ardhini. Wengi hawakwami kwenye wazo hilo. Wanakwama dukani, wakiwa wameshika mfuko wa mbegu mkono huu na mwingine mkono ule.

Hapa tunalinganisha mimea minne ambayo mbegu zake zinaweza kupatikana Afrika Mashariki bila kuagiza mbali: raigrasi na oti upande wa nyasi, marejea na ngwara upande wa jamii ya mikunde. Upupu tumeuacha. Shambani ni mmea mzuri sana, ila kwenye bustani ya mita chache hauna adabu: utaparamia uzio, mipapai na kamba ya kuanikia nguo.

Jambo moja la kuweka sawa kabla hatujaanza. Raigrasi si ile rai ya nafaka inayotengenezewa mikate Ulaya. Ni nyasi ya malisho, mbegu yake nyembamba na nyepesi, ambayo wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa nyanda za juu za Kenya wanaijua. Maelekezo mengi ya bustani za Uingereza yanayotaja "rai" kama mbolea ya kijani yanazungumzia nafaka, na kipimo chake cha mbegu ni kikubwa mara kadhaa. Ukikitumia kwa raigrasi unamwaga pesa.

Vigezo vya kupimia

Kuna maswali sita, na tumeyapanga kwa uzito wake. Bustani iko kwenye baridi au joto? Una wiki ngapi kabla ya zao linalofuata? Udongo wako una njaa ya naitrojeni, kirutubisho kinachokuza majani, au umeshikana na kupoteza chembechembe zake? Utauua mmea huo kwa kifaa gani? Zao linalofuata litapandwa kwa mbegu ndogo moja kwa moja, au kwa miche? Na mwisho, bustani yako ina wadudu au magonjwa gani tayari?

Swali la nne ndilo watu hulisahau. Kupanda mbolea ya kijani ni kazi ya nusu saa. Kuiua vizuri ndiyo kazi yenyewe.

| | Raigrasi | Oti | Marejea | Ngwara |
|---|---|---|---|---|
| Mahali inapopapenda | Nyanda za juu zenye baridi | Nyanda za juu, hata pakavu kidogo | Joto la wastani hadi joto | Joto. Hustahimili ukame |
| Mbegu kwa mita 100 za mraba | gramu 300–400 | gramu 800–1,000 | gramu 200–300 | gramu 350–500 |
| Kina cha kufukia | sm 1 | sm 3–4 | sm 1–2 | sm 3–5 |
| Wiki hadi kufyeka | 6–10 | 7–9 | 8–10 | 9–12 |
| Mapumziko kabla ya kupanda mboga | wiki 3–4 | wiki 2–3 | wiki 2 | wiki 2 |

Kwenye baridi kali wiki huongezeka, kwenye joto hupungua. Jedwali ni pa kuanzia tu.

Hali ya hewa na maji

Raigrasi ni mtoto wa baridi. Hustawi mchana ukiwa na nyuzi 15 hadi 22. Joto likizidi nyuzi 28 hudumaa, na majani hupigwa na ugonjwa wa kutu. Mizizi yake mingi iko kwenye sentimita 30 za juu, kwa hiyo wiki mbili za jua kali bila maji huigeuza rangi mapema kuliko nyingine zote. Limuru, Kinangop, Molo, Lushoto, Njombe na milima ya Mbeya ni mahali pake. Dar es Salaam, Mombasa na Morogoro mjini si mahali pake, hata ukimwagilia kila jioni.

Kwa Limuru na Kinangop, wakati mzuri ni mvua ndefu zinapokatika, mwezi Mei au Juni, ili itumie manyunyu na ukungu wa kipupwe. Njombe na Mbeya, kwenye msimu mmoja wa mvua, ipande Machi hadi katikati ya Aprili ikiwahi unyevu wa mwisho.

Oti inapenda baridi hiyo hiyo lakini haina makuu: huvumilia udongo mchovu na siku chache za ukavu kuliko raigrasi. Marejea ni ya kwetu hasa. Watawa wa abasia ya Peramiho mkoani Ruvuma ndio waliolisambaza zao hili kwa wakulima wa kusini mwa Tanzania, na linakubali kuanzia maeneo ya chini hadi karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ukipanda juu ya hapo litaota, ila litakaa fupi na kuchelewa, na hapo faida yake inapotea. Ngwara, ambayo wengine huiita fiwi na Kenya ya kati huiita njahi, ina mzizi mkuu unaozama chini sana. Ikishashika, hubaki kijani wakati majirani zake wamekauka. Baridi ya juu huipunguza kasi, na jalidi huiua.

Kupanda

Mbegu ya raigrasi inataka udongo uliosawazishwa na kuvunjwa mabonge. Changanya gramu 300 na nusu ndoo ya mchanga mkavu ili mkono usimwage nyingi mahali pamoja, gawa mchanganyiko mara mbili, mwaga nusu ukitembea kwa urefu wa bustani na nusu kwa upana. Pitisha reki kidogo, kisha kanyaga au bonyeza kwa ubao. Usipobonyeza, mbegu itakaa juu juu, na sisimizi wataibeba. Huota siku ya tano hadi ya kumi.

Dukani uliza ni raigrasi ya aina gani, kwa sababu jina moja limebeba mimea mitatu. Ya Westerwold ni ya mwaka mmoja na hutoa masuke bila kusubiri baridi. Huku kwetu hukimbilia kuzaa mbegu, hivyo hutakiwi kuichelewesha. Ya Italia inahitaji kipindi cha baridi ndipo itoe masuke kwa wingi, kwa hiyo hubaki majani kwa muda mrefu zaidi na kukupa nafasi ya kupumua. Ya kudumu ni ya malisho na viwanja vya nyasi. Bustani ya mboga haiitaki, maana huota polepole na kung'ang'ania. Kama mbegu ni zile kubwa zilizoandikwa tetraploidi, ongeza kipimo hadi gramu 500, kwa kuwa kwenye gramu zile zile kuna mbegu chache.

Oti hupandwa kwa mistari ya sentimita 15 au kwa kumwaga na kufukia kwa jembe. Nunua oti ya mbegu au nafaka nzima ya kulishia mifugo, na kabla hujaipanda weka punje 20 kwenye kitambaa chenye unyevu: zikiota chini ya 15 baada ya wiki moja, ongeza kipimo au tafuta nyingine. Oti ya uji ya kwenye boksi haioti kabisa, imepitishwa kwenye mvuke na kubanwa.

Marejea yaloweke usiku kucha, kisha mwaga au panda mistari ya sentimita 25 hadi 30. Usiogope kubana. Yakibanana, mashina hubaki membamba na huoza upesi; yakiachiwa nafasi hunenepa na kuwa kuni. Ngwara weka punje mbili kila shimo, sentimita 45 kwa 30. Wiki nne za mwanzo haina haraka, kwa hiyo utapalilia mara moja. Baada ya hapo yenyewe hufunika, na magugu hayapati mwanga.

Inaacha nini kwenye udongo

Nyasi hukusanya na kufunga. Mikunde hutengeneza na kulisha. Ukilishika hilo, nusu ya uamuzi umeshafanyika.

Raigrasi haiongezi naitrojeni hata gramu moja. Inachofanya ni kuiokota ile iliyobaki baada ya mboga zilizopewa samadi nyingi au CAN, mbolea ya dukani yenye naitrojeni, na kuishikilia kwenye majani isisombwe na mvua. Faida yake kubwa zaidi iko chini. Ng'oa shina moja la wiki nane kwa jembe uma na ulitikise taratibu: udongo hauanguki kama vumbi, wala haubaki bonge. Unaning'inia kwenye nyuzi nyeupe za mizizi kwa vipande vidogo vya ukubwa wa punje za kunde. Muundo huo ndio unaoruhusu maji kuzama na karoti kunyooka. Kwa udongo wa mfinyanzi uliokanyagwa, au ule mwekundu unaopiga ganda juu baada ya mvua, katika mimea hii minne hakuna unaoifikia raigrasi.

Oti hufanya kazi hiyo hiyo kwa daraja la chini kidogo, lakini hutoa majani mengi kwa haraka.

Marejea na ngwara hupata naitrojeni hewani kupitia bakteria walio kwenye vinundu vya mizizi. Wiki ya sita, chimba mmea mmoja, pasua kinundu kwa ukucha. Ndani kukiwa na rangi ya waridi, kazi inaendelea. Kukiwa kweupe au kijivu, vinundu bado havijakomaa au havifanyi kitu, na mmea unakula naitrojeni ya udongo kama nyasi tu. Mimea hii miwili hushirikiana na bakteria wale wale wa kunde, ambao wamo kwenye udongo mwingi wa Afrika Mashariki, kwa hiyo mara nyingi hakuna haja ya kununua bakteria wa kupaka mbegu.

Tufanye hesabu, kwa sababu mikunde husifiwa kupita kiasi. Fyeka mita moja ya mraba ya marejea yanapoanza kuchanua, upime. Tuseme umepata kilo 3. Ukikausha hubaki karibu asilimia 20, yaani gramu 600. Humo naitrojeni ni kama asilimia 3, gramu 18. Zao la kwanza litafaidi chini ya nusu yake, sema gramu 8, ambazo ni sawa na gramu 17 za urea. Kabichi nzuri inataka gramu 15 hadi 20 za naitrojeni kwa mita ya mraba. Marejea basi hulipa karibu nusu ya deni, na hiyo si haba. Ila anayetarajia kuacha samadi na mbolea zote kwa msimu mmoja wa marejea atavuna kabichi za ukubwa wa ngumi.

Na kuna mtego. Kwenye bustani inayopata samadi nyingi kila msimu, mikunde huwa mivivu: ikikuta naitrojeni tayari, haisumbuki kuitengeneza. Huko raigrasi au oti ndiyo yenye maana.

Kuua

Hapa raigrasi hupoteza alama, na ni haki kusema hivyo. Kitovu cha ukuaji wake kiko usawa wa udongo. Ukifyeka kwa panga na kuacha, ndani ya wiki moja imechipua upya, nzito kuliko mwanzo. Kuna njia mbili zinazofanya kazi.

Ya kwanza ni jembe. Fyeka ikiwa na urefu wa sentimita 20 hadi 25, kabla hujaona suke hata moja. Acha majani yanyauke siku mbili. Kisha lima kwa kugeuza kila bonge chini juu, mizizi itazame jua na majani yalale chini, kwa kina cha sentimita 10 hadi 15. Usizidishe kina: huko chini hakuna hewa ya kutosha, majani hayaozi vizuri, yanachacha na kunuka. Baada ya siku kumi rudi utafute mashina yaliyochungulia, uyageuze tena. Siku utakayochagua iwe kavu. Kugeuza mabonge kwenye mvua ni kuyapandikiza.

Ya pili ni turubai nyeusi isiyopitisha mwanga. Fyeka chini kabisa, mwagilia kama udongo ni mkavu, funika, weka mawe pembeni, na usubiri wiki 4 hadi 6. Inafaa kwa asiyependa kulima au mwenye mgongo unaolalamika. Kasoro yake ni muda, na panya wanaopenda joto la chini ya turubai.

Makosa yanayoharibu raigrasi karibu yote ni ya kuchelewa. Ikishatoa masuke, shina hukakamaa na uwiano wa kaboni kwa naitrojeni hupanda kutoka kama 20 kwa 1 hadi 35 na zaidi. Vijidudu vinavyoozesha, vikikosa naitrojeni ya kutosha kwenye majani, huichukua kwenye udongo, na miche uliyopandikiza hubaki ya manjano wiki nne nzima huku ukijiuliza ni ugonjwa gani. Ikidondosha mbegu, nayo inakuwa gugu la misimu inayofuata. Kama umeshachelewa, usiizike. Ifyeke, majani yapeleke kwenye mboji au kwa ng'ombe, na ugeuze mashina peke yake pamoja na ndoo moja ya lita 20 ya samadi iliyoiva kwa kila mita 3 za mraba.

Oti ni rahisi zaidi. Kabla ya kutoa suke bado huchipua ukiifyeka juu juu, lakini ikigeuzwa mara moja kwa jembe hufa. Ukisubiri suke linapochungulia na kuifyeka usawa wa udongo, sehemu kubwa haitarudi, na majani yake ni matandazo mazuri.

Marejea yakatwe usawa wa ardhi maua ya kwanza yanapotokea. Ukikata juu ya goti yatatoa matawi mapya. Katakata vipande vya sentimita 10 hadi 15 kwa panga pale pale kwenye tuta, acha siku moja, fukia kidogo au acha juu kama matandazo. Wiki mbili baada ya kuchanua mashina yanakuwa magumu na panga litakwambia. Ngwara ina usumbufu wa aina yake: kamba. Zimesukana, na jembe hunasa. Kata kwanza mashina yote chini, vuta kamba kwa mafungu, zikatekate juu ya gogo, kisha zirudishe.

Zao linalofuata

Baada ya raigrasi, mabaki yanayooza huzuia mbegu ndogo kuota: karoti, letusi, mchicha, vitunguu vya kupanda kwa mbegu. Subiri wiki nne nzima, au panda miche mikubwa ya kabichi, sukuma wiki au nyanya baada ya wiki tatu. Kuna kipimo kisichogharimu kitu. Chukua udongo wa tuta hilo ujaze kopo moja, na udongo wa mahali pengine ujaze la pili, panda mbegu 20 za figili kila kopo. Siku ya tano hesabu. Makopo yakilingana, tuta liko tayari. La raigrasi likiwa nyuma sana, ongeza wiki.

Baada ya marejea na ngwara, hatari ni kinyume chake, yaani kukawia. Majani yao laini huoza upesi na naitrojeni hutoka mapema. Tuta likikaa tupu mwezi mzima kwenye mvua kubwa, umelima mbolea ya maji ya mto. Andaa kitalu cha miche wiki mbili kabla ya kufyeka, ili iwe tayari kwa wakati. Wapeni nafasi hiyo walaji wakubwa: kabichi, mahindi mabichi, spinachi. Usiwape maharage, ambayo hayana shida na naitrojeni na hugawana magonjwa na ngwara.

Wadudu na magonjwa

Tuta lililokuwa nyasi hukaribisha sota, wale viwavi wa kijivu wanaojikunja ukiwagusa na kukata miche shingoni usiku. Mapumziko ya wiki tatu yanawanyima chakula. Bado, siku za kwanza zungushia kila mche kipande cha karatasi ngumu kilichozama sentimita 2. Nyasi zikikaa msimu mrefu huleta pia funza wembamba wagumu wa rangi ya manjano wanaotoboa viazi na karoti, na ndiyo sababu hatushauri raigrasi ya kudumu kabla ya viazi mviringo.

Kama ukingʼoa nyanya unakuta mizizi ina mafundo, una minyoo fundo, na hapo marejea yanapanda juu ya orodha. Minyoo hii huingia kwenye mizizi ya marejea lakini wengi hushindwa kuzaliana humo. Ngwara kwa kesi hiyo iache, maana inaweza kuwa mwenyeji wao. Ngwara pia huvuta vidukari na vitoboa maganda, ingawa ukiifyeka kabla ya maganda la pili halikuhusu. Marejea yakiachwa yazae, viwavi hujaa kwenye maganda; dawa yake ni kufyeka kwa wakati.

Faida za pembeni

Raigrasi na oti ni chakula kizuri cha ng'ombe na sungura, na kishawishi cha kuzikata mara tatu au nne ni kikubwa. Fahamu tu kwamba kila mkato unaobebwa kwenda zizini unaondoka na rutuba ya tuta, hivyo samadi irudi pale pale. Mizizi yenyewe inaendelea kujenga udongo.

Marejea ni mboga pia. Magharibi mwa Kenya majani machanga huliwa kwa jina la mitoo au miro. Aina isiyo chungu sana ndiyo hii hii inayotumika kama mbolea. Chuma vichwa wiki ya tano, mmea utatoa matawi na bado utabaki na majani ya kufukia. Mbegu zake na mashina yaliyokomaa usiwape mifugo, jamii hii ya mimea ina sumu ya ini. Ngwara huliwa majani, maganda machanga na punje, ila ukingoja punje basi naitrojeni nyingi imeondoka na chakula, na kinachobaki si mbolea ya kijani tena bali mabaki ya mavuno.

Ipi kwa hali ipi

Uko nyanda za juu, udongo mfinyanzi au umeshikana, umekuwa ukiweka samadi nyingi, na una wiki 12 za kupumzisha tuta: raigrasi, ya Italia ukiipata. Hakikisha una jembe uma na mtu wa kulishika.

Uko nyanda za juu lakini una wiki 9 au 10 tu, au kazi ya jembe ni nzito kwako: oti. Unaweza kuichanganya na vechi, mmea mwingine wa jamii ya mikunde, kama wafugaji wafanyavyo kwa malisho: gramu 400 za oti na 300 za vechi kwa mita 100 za mraba. Nyasi inashika udongo, vechi inaleta naitrojeni, na mchanganyiko huoza vizuri kuliko oti peke yake.

Uko chini ya mita 1,800, udongo una rangi ya njaa, mboga zinakuwa za manjano na mvua ni ya kuaminika: marejea. Vivyo hivyo kama una minyoo fundo, hata udongo ukiwa na rutuba.

Mvua zako ni za kubahatisha, Dodoma au Machakos, na tuta litakaa miezi mitatu: ngwara, ipandwe mvua zinapoanza kutulia.

Bustani ni ndogo sana, matuta mawili au matatu nyuma ya nyumba, na kila mwezi lazima kitu kiingie jikoni: marejea ya kuchuma au ngwara ya majani, tuta moja kwa zamu. Raigrasi hapo itakudai wiki ambazo huna.

Unalima Ulaya au Amerika Kaskazini, kwenye bustani ya kukodi au nyuma ya nyumba: mambo yanageuka. Panda raigrasi Agosti hadi katikati ya Septemba. Mahali penye baridi ya wastani kama Uingereza itapita msimu wa baridi ikiwa kijani, na utaigeuza Machi au Aprili udongo ukishakauka vya kutosha kutoshikamana na buti. Oti kwenye baridi kali hufa yenyewe na kulala juu ya tuta, kwa hiyo mwenye ratiba ya kupanda mapema sana huichagua yenyewe. Marejea na ngwara huko ni za kiangazi, zipandwe Juni udongo ukishapata joto na zifyekwe kabla ya jalidi ya kwanza.

Na kama bado unasitasita kati ya mbili, gawa tuta moja nusu kwa nusu, panda zote, kisha pandikiza kabichi za kitalu kimoja pande zote mbili. Rangi ya majani wiki ya nne baada ya kupandikiza itakuonyesha upande uliokosa naitrojeni. Kwa muundo wa udongo, mimina lita moja ya maji kwenye kopo lisilo na kitako lililozamishwa sentimita 5 kila upande, na uangalie saa maji yatakapokwisha.